Mstari ukipunguzwa ndipo kalamu hujulikana

Duka la vifaa vya uchoraji hukuonyesha kalamu kwa namna moja: kikaratasi kwenye kaunta, mviringo mmoja, sahihi yako, unasema "hii inateleza," unalipa. Lakini katuni haisomwi kwa ukubwa huo. Mimi huchora kwenye karatasi yenye upana wa sentimita 30 hivi, na msomaji huiona ndani ya safu tatu za gazeti, au kwenye kioo cha simu kisichozidi upana wa vidole vinne. Ndiyo maana vifaa vyote nitakavyovitaja hapa nimevipima kwa swali moja: mstari wake ukishapunguzwa, unabaki na nini?

Wachoraji wa majarida ya katuni ya Marekani wamezoea karatasi ya inchi 11 kwa 17, mchoro wenyewe ukikaa ndani ya inchi 10 kwa 15, kisha kazi hupunguzwa hadi theluthi mbili hivi. Wajapani huchora kwenye karatasi ya B4 kwa ajili ya jarida la B5, ambalo ni dogo zaidi. Mimi nimo humo humo: mara moja na nusu ya ukubwa wa kuchapwa. Kupunguza kunaficha mtetemo wa mkono, na kwa hilo nashukuru. Ila kunaua pia. Mstari wa unywele hukatikakatika, na mistari ya kivuli uliyoipanga karibukaribu huungana ikawa doa, hasa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo inakunywa wino na kuutandaza.

Tuanze na penseli, kwa kuwa watu hununua yoyote wakiamini haitaonekana. Penseli ngumu, 2H kwenda juu, inachimba mfereji kwenye karatasi; kalamu ikipita hapo, wino unafuata mfereji na kuacha njia ya mkono. Laini za B zinachafua kiganja, na kiganja kinachafua kila kitu. HB ni ya kati, lakini itabidi uifute baadaye, na raba ikipita juu ya wino mweusi inaondoka na kiasi cha weusi wake. Unamaliza kazi ukiwa na kijivu. Ndiyo sababu mimi ni mtu wa penseli ya bluu hafifu. Enzi za filamu, kamera za viwanda vya uchapaji zilikuwa zinaiona bluu hiyo sawa na nyeupe, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuifuta. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta: naskani kwa rangi, naacha chaneli ya bluu peke yake, ambamo bluu huonekana kama nyeupe, penseli inatoweka na wino unabaki ulivyo. Angalizo moja: penseli hizi zina nta. Ukizikandamiza, wino unagoma kushika juu yake na kujikusanya vitone. Mkono uwe mwepesi kabisa, hata kama rafu yako, yaani mchoro wa awali, inaonekana ya mtu aliyesinzia.

Sasa kalamu yenyewe. Ninayoipa alama za juu kuliko zote ni nibu ya aina ya G, ile ya chuma inayochomekwa kwenye mpini na kuchovywa. Nikko, Zebra na Tachikawa wote wanaitengeneza, na wachoraji wa manga, katuni za Kijapani, ndio walioipa jina duniani. Ukiigusisha tu karatasi, inatoa mstari mwembamba, ukiikandamiza, meno yake mawili yanatanuka na mstari unanenepa palepale, ukiachia, unarudi. Shavu la mwanasiasa mnene nalichora kwa pigo moja. Naanza chini ya sikio kwa mguso mwepesi, nakandamiza taratibu nikishuka kwenye kona ya taya, naachia ninapofika kidevuni. Hata likipunguzwa hadi theluthi mbili, ile tofauti ya wembamba na unene bado ipo, na shavu linaning'inia. Lichore shavu hilohilo kwa kalamu yenye unene mmoja uone: unapata duara.

Hunt 102, ambayo siku hizi inauzwa chini ya jina la Speedball, ni nyembamba zaidi. Mwili wake ni kibomba kidogo, kwa hiyo inataka mpini wake maalumu. Usiinunue ukidhani utaichomeka kwenye ule wa G. Ni tamu sana kwa kope, ndevu za siku mbili na mikunjo ya suruali. Kwa kazi itakayotundikwa ukutani ningeichagua bila kufikiri. Kwa gazeti hapana, kwa sababu mguso wake mwepesi ni unywele kwelikweli, na nimeshasema unywele hufia wapi. Za Gillott nazo zina tabia zao: 303 inanyumbulika mno kwa mkono mzito kama wangu, 404 ni ngumu kidogo na tumeelewana.

Nibu mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta ili isishike kutu. Ukiichovya hivyo hivyo, wino unateleza na kudondoka wote kwa mkupuo. Wengine huipitisha kwenye moto wa kiberiti. Mimi sipendi, kwa kuwa moto ukizidi kidogo chuma kinapoteza unyumbukaji wake. Naipangusa kwa spiriti, au dawa ya meno kidogo kwenye kidole, nasuuza, nakausha. Dakika haiishi. Jambo la pili ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hayalisemi: nibu huvutwa, haisukumwi. Ukiisukuma kwenda juu, meno yanashika nyuzi za karatasi na kurusha madoa. Dawa yake ni kuzungusha karatasi. Mtu akinitazama nikifanya kazi ataona karatasi inazunguka mezani kutwa nzima na kifundo cha mkono kimetulia mahali pamoja. Hii pia ndiyo sababu sigandishi karatasi kwa utepe kwenye ubao.

Nibu haidumu. Dalili ya kwanza ni kwamba mstari wake mwembamba kabisa unaanza kunenepa. Meno yameachana na hayafungi tena vizuri. Watu wengi wanaendelea nayo hadi ianze kukwaruza, na wakati huo tayari wiki nzima ya kazi zao ina sura moja. Mimi zilizochoka sizitupi, nazihamishia kwenye kujaza majani ya miti na matofali, sehemu ambazo ukorofi kidogo unapendeza. Lakini usioe nibu moja. Charles Schulz, mchoraji wa katuni za Peanuts, alichora maisha yake yote kwa nibu ya Esterbrook 914, na kampuni hiyo ilipokuwa inafunga alinunua akiba yote iliyobaki. Sisi wengine hatuna ubavu wa kununua akiba ya kampuni, kwa hiyo mkono ujifunze nibu mbili tofauti mapema.

Wino ni habari ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ninaotumia ni wino wa India, ule wa masizi uliochanganywa na shelaki, utomvu wa mdudu ambao ukikauka haukubali tena maji. Naupima kwa mambo matatu. Chora mistari michache minene, uiache ikauke, pitisha brashi yenye maji juu yake: ukitoa wingu la kijivu, haufai kupakwa rangi ya maji juu. Pitisha raba mara kadhaa: ukipauka, utakuangusha kwenye kuskani. Kisha chora mistari kumi ya karibukaribu uitazame kwa lenzi: kingo zikiwa na manyoya, wino na karatasi havipendani. Higgins na Speedball wana wino mweusi unaofaulu vizuri kwenye nibu. Deleter namba 4 umeundwa kwa ajili ya manga, ni mweusi wa kuzama na haupauki ovyo kwa raba.

Chupa ikikaa wazi mezani saa kadhaa wino unakuwa mzito, na mzito haushuki kwenye ufa wa nibu. Tone la maji yaliyochujwa linatosha. Mimi huwa simimini wino wote; namimina kidogo kwenye kikopo kifupi, na kikopo nimekigandisha mezani kwa udongo wa raba ili kiwiko kisikipige. Na mtu yeyote asikushawishi kutia wino wa shelaki kwenye kalamu ya kujazwa ya kawaida. Ukikauka ndani, kalamu ndiyo basi. Kuna wino wa masizi uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu hizo, Platinum Carbon kwa mfano, ila hata huo unataka kalamu itumike kila siku na isafishwe.

Brashi nimewahi kuiogopa, kama wengi, na bado naiheshimu. Winsor & Newton Series 7 ndiyo jina ambalo kila mchoraji atakutajia; ilianza 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, na manyoya yake ni ya mkia wa kolinsky, jamii ya kicheche wa Siberia. Raphael 8404 ya Ufaransa ni mshindani wake wa kweli, ina tumbo nene zaidi na inabeba wino mwingi. Kwa katuni, namba 2 au 3 inatosha. Usidanganywe na udogo wa namba 0: brashi kubwa yenye ncha nzuri inatoa mstari mwembamba uleule na haikauki katikati ya pigo. Ni ghali, na shelaki ni adui wake. Wino usifike kwenye kile kipete cha chuma. Ukikauka pale, manyoya yanatawanyika na ncha hairudi. Naiosha kwa sabuni ya kipande kila nikinyanyuka mezani, naipa ncha kwa midomo (najua, najua), naiweka imelala. Kusimamisha brashi kichwa chini kwenye kikombe cha maji ni ukatili.

Kwa siku nyingi za kazi, lakini, mkono wangu unakwenda kwenye Pentel Pocket Brush. Manyoya yake ni ya nailoni, wino unatoka kwenye katriji, na ni wa masizi, haufutwi na maji ukishakauka. Inajaza suti nyeusi kwa pumzi mbili na bado inaweza kuchora kifungo chake. Ubaya wake ni kwamba kwenye karatasi laini inachelewa kukauka, na hapo ndipo kiganja hupaka suti usoni. Nikiwa nayo nachora kutoka juu kushoto nikishuka kulia, na chini ya kiganja kuna kipande cha karatasi safi. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze utaratibu huo. Tombow Fudenosuke, yenye ncha ya kunyumbulika, ni rahisi zaidi kuitawala na ni nzuri kwa anayeanza, ile ngumu kuliko ile laini, ingawa tofauti ya wembamba na unene si kubwa kiasi cha kunifurahisha.

Sasa zile kalamu za ncha ya nyuzi ambazo kila mwanafunzi wa sanaa anazo mkobani: Sakura Pigma Micron, Staedtler, Uni Pin, Copic Multiliner. Wino wa Pigma ulitoka 1982 na ni mzuri, haufifii wala haulowani. Namba zake zinachanganya watu: 005 ni mm 0.20, 01 ni 0.25, 03 ni 0.35, 05 ni 0.45, 08 ni 0.50. Kwa herufi, mipaka ya fremu, nyaya za umeme na madirisha ya ghorofa, hazina mpinzani. Kwa watu, sizitaki. Mstari wao una unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyechorwa hivyo anakuwa na uhai sawa na kiti alichokalia. Ncha nayo inasagika ukiwa na mkono mzito, kwa hiyo 005 inageuka 01 bila kukuaga. Copic Multiliner SP, yenye mwili wa alumini, inabadilishwa ncha na katriji. Kwa mtu anayezitumia kila siku ndiyo yenye hesabu inayoeleweka.

Nina ushahidi wa haya, na ulikuja kwa simu. Kulikuwa na katuni ya mkutano wa hadhara: nyuso tatu mbele kwa nibu ya G, jengo refu nyuma yao kwa kalamu ya mm 0.20, nyembamba makusudi ili lionekane liko mbali. Kazi imeshatumwa, ukurasa unakaribia kufungwa, mhariri wa zamu anapiga.

"Kaka, kuna tangazo limeingia. Safu tatu zimekuwa mbili."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu sasa hivi. Nikate juu au nikate pembeni?"

"Usikate popote. Ipunguze."

"Itasomeka?"

"Ipunguze, kaka."

Mstari wa mm 0.20 ukishushwa chini ya nusu ya ukubwa wake unabaki chini ya mm 0.1. Asubuhi jengo halikuwepo gazetini. Zilibaki nukta tatu nne za vumbi angani. Nyuso tatu zilikuwepo, na hasira zao zote. Hakuna msomaji aliyeuliza jengo limekwenda wapi. Tangu hapo vitu vya mbali navichora kwa mistari michache iliyo mikubwa kidogo kuliko nafsi inavyotaka, na naacha nafasi kati yao: kati ya mstari na mstari wa kivuli iwe angalau upana wa mistari miwili.

Herufi ziliokoka siku hiyo kwa sababu nyingine. Natumia Ames Lettering Guide, kijiplastiki chenye gurudumu na vitundu vya kupitisha ncha ya penseli, ambacho wachoraji wa katuni wanakirithishana tangu enzi za wachoraji wa ramani za majengo. Namba kwenye gurudumu huhesabu sehemu za 32 za inchi: ukiweka 4, kimo cha herufi ni inchi 1/8, ukiweka 3.5, ni kama mm 2.8. Herufi ya 3.5 ikipunguzwa hadi theluthi mbili inakuwa chini kidogo ya mm 2, na huo ndio mpaka wa mwisho ninaoukubali. Siku hizi mimi huweka 5, basi hata tangazo likija nasomeka. Ukinunua kifaa kimoja tu kutokana na maneno yangu, nunua hicho. Ni cha bei ndogo na hakiharibiki. Na maneno yaandikwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kuchorwa. Nikianza na watu, kiputo cha maneno kinaishia kubanwa kwenye kona na mkia wake kumpita mtu shingoni.

Karatasi: bristol laini, karatasi nene ya kuchorea, gramu 270 kwa mita ya mraba au karibu na hapo. Ile yenye uso wa kukwaruza inaitwa vellum na ni nzuri kwa penseli na brashi kavu, lakini nibu inanasa nyuzi zake. Strathmore 300 inatosha kwa kazi ya kila siku. 500 ni ya pamba tupu, na unaifurahia zaidi ukikwangua wino kwa wembe, maana haichaniki ovyo. Rafu zote nazichora kwenye karatasi za kawaida za mashine ya nakala, za gramu 80, na sizionei huruma. Mafuta ya kiganja yanaiharibu bristol kuliko watu wanavyojua. Mahali ulipoegemeza mkono asubuhi ndipo wino utakapogoma jioni.

Nyeupe ya kufichia: Dr. Ph. Martin's Bleed Proof White, ya kopo, kwa brashi ya zamani. Kwa nukta ya jicho, kalamu nyeupe ya Uni-ball Signo. Nimemaliza hapo.

Nikija kwenye kompyuta, sitajifanya mzee wa nibu. Rangi zote naziweka huko, marekebisho naya­fanyia huko, na siku ya haraka kazi nzima huzaliwa huko. Naskani wino kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), bluu ikishatoka naugeuza kuwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi inakaa kwenye leya, yaani tabaka, ya chini yake. Swali ni kama mstari wenyewe uzaliwe kwenye kioo. Vibao vya kuchorea vinauzwa kwa namba: viwango 8192 vya mgandamizo, na maduka huisoma namba hiyo kwa sauti ya mnada. Sijawahi kuona mkono wa mtu unaotofautisha viwango 8192. Kinachohesabika ni mguso wa kwanza, yaani kalamu inaanza kuandika ukiigusisha kwa uzito gani. Kibao ambacho kinasubiri ukandamize ndipo kiamke kinakunyima ule mwanzo mwembamba wa shavu. Jaribu hilo dukani: shika kalamu kwa vidole viwili, ipitishe kwa uzito wake yenyewe. Isipoacha alama, kiache hapo.

Wacom wana faida moja ambayo saa ya kufunga ukurasa inanikosha roho: kalamu yao haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe, kwa hiyo haizimiki. Kwenye iPad na Apple Pencil mstari unakimbizana na ncha vizuri sana, lakini kioo ni kioo, kinateleza. Ukibandika karatasi ya plastiki yenye mkwaruzo, mkono unatulia na ncha inaliwa. Chagua unachotaka kununua mara kwa mara.

Programu tatu zinastahili kutajwa. Clip Studio Paint ya Celsys imetengenezwa na watu wanaojua katuni: ina leya za vekta, ambazo huhifadhi mstari kama njia na si kama nukta, unachora mstari leo na kuunenepesha kesho, na raba yake inaweza kufuta hadi pale mistari miwili inapokutana. Kwa swali langu la kupunguza, hiyo peke yake inatosha kuipa ushindi, kwa kuwa naweza kunenepesha mistari yote ya nyuma mara nikipigiwa simu. Procreate ni nyepesi na inapendeza mkononi, ila idadi ya leya inapungua kadiri turubai linavyokua, kutegemea kumbukumbu ya kifaa. Krita ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na brashi zake za wino hazina aibu yoyote. Anayeanza na kompyuta ya kawaida aanze na Krita, pesa aweke kwenye kibao.

Lakini zote tatu zina mtego mmoja: kukuza. Kwenye kioo unaweza kulivuta jicho la mhusika hadi likajaa skrini, ukachora mishipa ya damu ndani yake, ukaridhika sana. Kisha unapunguza na jicho ni nukta. Nimeona vijana hodari wakimaliza saa nzima kwenye kifundo cha tai. Mimi nimeweka sheria: kukuza mwisho ni asilimia 100, na pembeni dirisha dogo la pili linaonyesha katuni nzima kwa ukubwa wa simu muda wote. Mtego wa pili ni ile sehemu ya kunyoosha mistari inayotetemeka. Ukiipandisha juu, mstari unachelewa kumfuata mkono na kila kitu kinakuwa laini kwa namna ileile, chako na cha wenzako wote. Naiacha chini kabisa, isipokuwa kwa magurudumu ya magari.

Kuhusu utaratibu wa siku, sina siri. Habari nasoma asubuhi bila kalamu mkononi, kwa sababu nikiishika nachora wazo la kwanza, na la kwanza mara nyingi limeshamjia kila mtu. Kisha vimchoro vidogo, kila kimoja ukubwa wa sanduku la kiberiti. Udogo huo ni makusudi: wazo lisiloeleweka ndani ya kiberiti halitaeleweka kwenye simu. Nakata maneno. Nikiona kiputo kina sentensi mbili, moja ni ya kwangu ya kujionyesha na inatoka. Rafu ikikamilika naigeuza, karatasi nikiitazama kwa nyuma dhidi ya taa, kompyuta kwa amri moja, na pua zilizopinda zinajitangaza zenyewe.

Ubao wangu umeinuka, haukulala. Ukichora kwenye meza bapa, sehemu ya juu ya karatasi iko mbali na jicho na vichwa vinarefuka bila wewe kujua; ukiinua ubao, macho yanaitazama karatasi moja kwa moja, na shingo inakushukuru. Taa iko kushoto kwangu, mimi ni wa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie ncha. Mpini wa nibu nimeuvisha sponji, maana mpini mwembamba unakufanya uubane, na kuubana kutwa ndiko kunakoleta ganzi vidoleni. Mistari mirefu inatoka begani, mifupi kwenye kifundo. Kabla ya kugusa kazi najaza ukingo wa karatasi mbovu kwa mistari mitupu hadi nibu na mkono viwe vimesalimiana.

Kilichobaki ni meza ya mwanga, ile bapa ya LED inayouzwa kila mahali siku hizi. Faida yake ni kwamba rafu inakaa chini, karatasi safi juu, unatia wino bila kuweka penseli kabisa kwenye kazi ya mwisho: hakuna nta, hakuna raba, hakuna mfereji. Kasoro ni kwamba bristol ya gramu 270 inakula mwanga. Zile hafifu zinazoendeshwa na waya wa USB zinaonyesha rafu kama ukungu, na itabidi uzime taa ya chumba, halafu unatia wino gizani usijue kama mstari wako ni mweusi au kahawia. Ukiinunua, nenda na kipande cha karatasi yako unayoitumia na rafu iliyochorwa kwa kalamu nzito, washa palepale dukani taa zao zikiwa zinawaka, uone kama unaiona pua.